Debe la Viazi

Baba mdogo hunipigia simu mchana. Akipiga usiku ujue kuna msiba. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu saa nne usiku, niliketi kwanza kitandani ndipo nikapokea. Hakukuwa na msiba. "Wapimaji wanakuja," alisema. "Kijiji kinapimwa chote. Njoo na kalamu yako."

Kalamu yangu maana yake ni hii: mimi ni mwandishi wa habari, na kwenye ukoo wetu hilo linatosha kunifanya katibu wa kudumu. Wasifu wa marehemu naandika mimi. Barua ya kuomba ng'ombe wa mkopo naandika mimi. Safari hii ilikuwa zamu ya muhtasari wa kikao cha ukoo, ile karatasi ambayo kamati iliitaka ili ijue shamba la marehemu babu liandikwe kwa jina la nani.

Nikapanda basi hadi Mbeya, Mbeya nikachukua Noah ya Tukuyu. Ukishapita Uyole barabara inaanza kupanda, na ukifika Isyonje, pale njia ya Makete inapochepuka, watu wote garini wameshafunga vioo. Isongole iko mbele kidogo. Msomaji uliyewahi kwenda kuliona Ziwa Ngozi umepita kwetu hata kama hukujua: magunia ya viazi ya lumbesa kando ya lami, ukungu, watoto wenye masweta saa sita mchana, ng'ombe wa maziwa wamefungiwa nyuma ya nyumba. Udongo wa volkano hauna ubahili. Mtu mwenye nusu eka ya kwetu anasomesha mtoto, na ndiyo maana kwa nusu eka ndugu wanaweza wasizikane.

Shamba la babu ni eka tatu kasoro. Juu, upande wa barabara, analima shangazi, ambaye alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, miaka mingi kabla sijaanza shule. Nilikwenda nikiamini ugomvi utakuwa hapo. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nimekikariri, kile kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi. Nilikuwa na kesi ya Holaria Pastory wa Kagera mfukoni, yule mama aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na Jaji Mwalusanya akasema mila haiwezi kumzuia kufanya kile ambacho mwanamume wa ukoo huohuo anaruhusiwa. Sikuhitaji hata kimoja. Baba mdogo alisema, "Juu pale aandikwe dada, ndiye anayepalilia," wengine wakaitikia, tukaendelea. Hotuba yangu ikabaki tumboni.

Shida ilikuwa chini ya mianzi.

Chini ya mianzi anaishi mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Alishuka kutoka Makete katikati ya miaka ya 1970, kijana mwenye msumeno wa kuchania mbao na blanketi moja. Babu alimpa kazi, kazi ilipoisha akampa mahali. Hakuna karatasi. Shangazi ndiye shahidi pekee aliye hai, alikuwa msichana wakati huo, ndiye aliyewaletea maji ya kunywa wakiwa wamesimama shambani. Anakumbuka maneno machache tu. Babu alisema lima viazi, lima mahindi, jenga, ila usipande mti. Yule kijana akaitikia, akamwita babu "tata", yaani baba. Basi.

Usipande mti. Mtu wa mjini anaweza kudhani ni sharti la ajabu ajabu, lakini kwa mkulima maana yake haihitaji wakili. Kiazi kinaondoka baada ya msimu. Mti unabaki, na aliyeupanda anaanza kusema "hapa kwangu". Yule mzee hakupanda mti hadi leo. Jirani zake wote wana parachichi, parachichi limekuwa ndiyo dhahabu ya Rungwe, wanunuzi wanalifuata shambani. Yeye ana viazi na njegere. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, ikawa ya matofali na bati, watoto wake watano wamezaliwa humo na mkewe amezikwa ubavuni mwake, lakini kivuli pale ni cha mianzi ya babu tu.

Na kila mavuno analeta debe la viazi. Alimletea babu. Babu alipokufa akamletea bibi. Bibi alipokufa akawa anamletea shangazi. Nimekulia ndani ya viazi hivyo, na sikuwahi kujiuliza vinatoka wapi wala kwa nini.

"Hilo la debe liandike vizuri," baba mdogo aliniambia. "Debe ndilo linatuokoa."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kamari. Mzee amekaa pale zaidi ya miaka 40. Mtu akisikia hivyo tu anaweza kusema ardhi imeshakuwa yake. Lakini kama kila mwaka analeta kitu kwa mwenye shamba, basi yeye mwenyewe kila mwaka anakiri kwamba shamba si lake. Tena amekiri mara arobaini na kitu, mbele ya watu, kwa mikono yake, na debe kichwani.

Kisheria baba mdogo hakukosea sana, na hilo ndilo lililoniudhi. Sheria yetu ya Ukomo wa Madai ya 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kuidai kutoka kwa aliyeikalia. Akinyamaza ikapita, madai yake yanakufa. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyekaa kwa ubishi. Aliyeingia kwa kukaribishwa ni jambo jingine, na mahakama zetu zimelirudia mara nyingi: mgeni mwalikwa hageuki kuwa mmiliki dhidi ya mwenyeji wake, hata akae muda gani.

Sasa lipime hilo polepole. Yule mzee angekuwa mtu mbaya, tuseme mwaka 1985 angeacha kuleta debe, angemtukana babu njiani, angepanda mikaratusi mpaka ukingoni na kusema "njoo uing'oe kama wewe mwanaume," leo angekuwa na la kusimamia mbele ya baraza. Kwa kuwa alikuwa na adabu, hana. Heshima yake yenyewe imegeuzwa kuwa kithibitisho dhidi yake.

Niseme jambo lingine kabla sijaonekana mtakatifu. Baba mdogo aliniambia kipande kile kikirudi, nitajenga mimi. Nilikwenda kukiangalia jioni ile. Ukungu ulikuwa umefunguka, Mlima Rungwe wote uko mbele yako, na mimi mpangaji wa vyumba viwili Dar es Salaam nikaanza kuweka dirisha la sebule upande wa mlima. Nilikaa pale kama nusu saa nikijenga. Mzee alinipungia mkono kutoka kwenye viazi vyake.

Mimi si adui wa hati. Kazi yangu imenipeleka kwenye mabaraza ya ardhi ya kutosha, nimeona wajane wakiulizwa "karatasi iko wapi" na watu ambao wenyewe hawana karatasi, na najua kwamba hati ya hakimiliki ya kimila, yenye picha, dole gumba, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji na kumbukumbu yake masjala, inaweza kumzuia shemeji mwenye panga. Sheria inasema hati hiyo ina hadhi sawa na ile ya mjini. Wanaosema tungebaki na maneno ya wazee peke yake mara nyingi ni watu ambao wazee wao walikuwa na nguvu. (Ile ahadi nyingine, kwamba ukishika hati benki itakukimbilia na mkopo, ambayo Hernando de Soto wa Peru aliisambaza dunia nzima na sisi tukaianzishia MKURABITA mwaka 2004, naiacha. Sijaona benki ikikimbia Isongole.)

Ninachouliza ni kidogo kuliko hicho. Shamba likiwa na maneno mawili ndani yake, la mwenyeji na la mgeni, na fomu ikiwa na mstari mmoja wa jina, yule anayeshika kalamu anadaiwa nini?

Wenzetu Kenya walilipitia hili mapema, na waliosoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya 1964 wamekutana nalo labda bila kuligundua. Sote tunamkumbuka Ngotho akiitunza ardhi ya Howlands, ardhi ya mababu zake. Tunasahau anakolala. Ngotho amejenga kwenye ardhi ya Jacobo, Mkikuyu mwenzake. Ni muhoi, mtu aliyepewa mahali na mwenye mahali. Jacobo anapogombana naye anamfukuza, na hapo haihitajiki mzungu.

Wahoi walikuwa wengi nje ya riwaya pia. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, ulikuja Mpango wa Swynnerton: mashamba ya Wakikuyu yaliyotawanyika yakusanywe, yapimwe, yaandikwe kila moja kwa mwenyewe. Wengi walikuwa kizuizini wakati mipaka inachorwa. Mpango wenyewe haukuficha kwamba watatokea wenye ardhi na wasio nayo, uliona ni hatua ya kawaida ya nchi kuendelea. Muhoi hakuwa na sanduku lake kwenye fomu. Alilala akiwa mtu wa mahali, akaamka yuko kwenye mali ya mtu.

Baadaye mahakama zikapigilia msumari. Katika Obiero na Opiyo, 1972, na Esiroyo na Esiroyo mwaka uliofuata, majaji walisema aliyeandikwa kwenye rejista ndiye mwenye shamba, na haki za kimila ambazo hazikuandikwa zimezimika. Katika hiyo ya pili ni baba aliyewaondoa wanawe mwenyewe. Majaji wengine hawakukubali, walisema aliyeandikwa anaweza kuwa ameandikwa kama mdhamini wa wengine, na mvutano ukaendelea hadi 2018, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua katika kesi ya Kiebia na M'Lintari kwamba amana ya kimila inaweza kuishi ndani ya hati hata kama haikuandikwa humo. Kati ya 1972 na 2018 ni miaka 46. Ni muda uleule, karibu, ambao mzee wetu ameleta madebe.

Nilimsimulia baba mdogo hayo. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo bado sina jibu lake zuri. "Ukimwandika yeye, nani tena Isongole atamkaribisha mgeni?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Rahisi kwangu kumnukuu John Locke, kwamba mtu akichanganya jasho lake na udongo amejipatia haki. Rahisi zaidi kumleta Nyerere, ambaye kwenye kijitabu chake cha 1958, Mali ya Taifa, alipinga ardhi kuuzwa kama shati, akisema cha mtu hasa ni kazi aliyoifanya juu yake. Mzee amebeba samadi kichwani kwenda kwenye kipande kile tangu kabla sijazaliwa. Lakini kama kulima kwa ruhusa kunageuka umiliki, basi ruhusa inakuwa upumbavu. Kila mwenye shamba mwenye akili atamfukuza mgeni wake mwaka wa kumi na moja, kwa usalama. Na wako wanaofanya hivyo. Tena si watu wabaya, wamesikia tu kwamba wapimaji wanakuja.

Ila swali la baba mdogo lina pacha wake, na yeye hakuwa tayari kumwona. Kama debe likitumika kumwondoa aliyelileta, nani atamletea mtu debe tena?

Nikarudi kwa shangazi, maana yeye ndiye anayepokea. Nilimkuta jikoni. Nikamuuliza kama lile debe lilikuwa kodi. Alinitazama kama nimesema kitu kichafu.

"Kodi ya nini? Babu yako hakuwa Mhindi wa Tukuyu."

"Sasa lilikuwa nini, shangazi?"

"Viazi, mwanangu."

Kisha akacheka, akaongeza moto. Nikaendelea kumbana, ndiyo kazi yangu, hadi akasema jambo ambalo hakuna mtu kwenye kikao alilisema. Debe lile halijawahi kurudi tupu. Babu alilirudisha na chumvi. Bibi alikuwa anaweka sabuni, au maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mwaka ule viazi vyake vilipooza vyote shambani, yeye hakuleta kitu, na babu alimpelekea mbegu. Mbegu, katika debe lilelile. Shangazi alinionyesha kwa mkono pale linapokaa, nyuma ya mlango, lina kutu kwenye pembe.

Nilijiona mjinga. Siku mbili nimekaa nikibishana iwapo debe ni kodi au ni shukrani, na sikuuliza kama lilikuwa linarudi na kitu.

Kuna jambo lingine lililonifanya nisite kuandika maneno "ardhi ya ukoo", ambayo baba mdogo alikuwa anayatamka kama aya ya kitabu kitakatifu. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusani miaka ya 1930. Godfrey alichapisha mwaka 1938 kijitabu kizima kuhusu haki za ardhi za Wanyakyusa, na Monica mwaka 1951 akatoa Good Company, kuhusu vile vijiji vya marika ambavyo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, mbali na baba zao. Kwa simulizi yao, mtu alipata shamba kwa kuwa jirani, kwa kukaa vizuri na wenzake kijijini, na akihama aliliacha. Ndugu wa damu walikuwa vijiji vingine. Kahawa na uhaba wa ardhi ndivyo vilivyotuvuta kwenye urithi wa baba kwa mwana tunaouita leo mila tangu enzi. Sisemi vitabu vya wageni vinamjua babu kuliko sisi. Nasema kwamba kwa mila ya kale hasa, aliyekaa chini ya mianzi miaka 40 akisaidiana na jirani ana haki iliyo karibu zaidi na ya Kinyakyusa kuliko mimi ninayekuja na Noah kwenye misiba.

Usiku ule niliandika muhtasari. Niliandika kwamba ardhi ilikuwa ya babu. Niliandika kwamba mzee alikaribishwa, kwa masharti gani, na nani alisikia. Niliandika debe. Kisha nikaandika chumvi, sabuni, maziwa, mbegu, na mwaka ambao viazi vilioza. Nikapendekeza kipande cha chini kiandikwe kwa jina la shangazi pamoja na la juu, na mzee na watoto wake wapewe haki ya kukaa na kulima kwa mkataba utakaosajiliwa kijijini, maana sheria inamruhusu mwenye hati kumpa mwingine haki ndani ya hati yake. Ni pendekezo la katikati, na kama mapendekezo yote ya katikati lina harufu ya woga. Mzee angeweza kustahili zaidi ya hapo. Sikuthubutu. Labda ni lile dirisha la sebule lilikuwa bado linaning'inia kichwani.

Sikumpa baba mdogo nakala yenye debe linalokwenda upande mmoja tu. Hicho ndicho nilichokuwa na uhakika nacho. Ningeandika kwamba kila mwaka alileta viazi, na kuishia hapo, kila neno lingekuwa kweli, na ningekuwa nimemwibia.

Asubuhi tulisoma mbele ya ukoo. Watu sita walitakiwa kusaini, wakasaini wanne. Baba mdogo alikunja mikono. Alisema mimi nimesoma sana, na hakuwa ananisifu. Wapimaji walifika mchana na kile kidude chao cha setilaiti, kijana mmoja mpole mwenye buti za mpira, wakatembea mpaka wa juu na shangazi mbele yao akiwaonyesha. Walipofika kwenye mianzi wakaangalia karatasi yetu, wakaona saini nne, wakaandika kwamba kipande kina mgogoro, suala liende baraza la ardhi la kijiji. Wakaruka, wakaendelea kwa jirani.

Shangazi amepata hati yake ya kipande cha juu. Ameitia kwenye mfuko wa nailoni, ameuweka ndani ya Biblia. Cha chini bado. Baraza limekaa mara mbili, mara zote mbili baba mdogo hakufika, na mimi hajanipigia simu mchana wala usiku.

Juni mzee alivuna. Shangazi ndiye aliyeniambia. Alikuja na debe kama kawaida, akakaa kwenye kigoda, wakaongea habari za mvua. Hawakugusa habari ya baraza. Alipoondoka lilikuwa na kilo mbili za sukari ndani, kwa sababu chumvi, shangazi alisema, siku hizi kila mtu anayo.